Kiti cha Bunge na Wanawake Wawili wa Mwaloni

Mama yangu alikuwa na rafiki aliyemwita dada, ingawa hawakuzaliwa pamoja. Mama alikuwa Msukuma wa Kisesa. Huyo dada yake alitoka Ukerewe, akaolewa Mwanza, akafiwa na mume mapema. Wote wawili walianika dagaa kwenye mwalo mdogo mbele kidogo ya Kirumba, pale mitumbwi iliposhusha samaki asubuhi. Mimi nilimwita mama mkubwa, na nilikuwa nimeshaanza sekondari nilipojua kwamba hatukuwa na undugu wa damu.

Enzi za chama kimoja walikuwa viongozi wa akina mama wa tawi letu, yeye mwenyekiti na mama katibu. Wakigeuza dagaa mchangani walibishana habari za mikutano kama wanaume wanavyobishana habari za mpira. Mama alikuwa na ulimi mkali, mama mkubwa alikuwa na subira. Watu walisema ukitaka jambo lisemwe, mtume katibu. Ukitaka jambo liishe, mtume mwenyekiti.

Kisha vikaja vyama vingi, na karibu wakati uleule vikaja viwanda vya kusindika samaki. Sangara aliyekuwa chakula chetu akawa anapanda ndege. Siku moja tulikuta wapimaji wa ardhi wamesimika bikoni za mipaka katikati ya dagaa wa watu. Ikasemekana ufukwe ule amepewa mwekezaji, naye atauzungushia uzio. Mama na mwenzake wakaenda kwa ofisa mmoja anayehusika. Aliwasikiliza huku akinywa chai, halafu akawaambia maendeleo hayawezi kungoja dagaa wakauke.

Walipotoka nje, mama alisema, "Dada, mimi humu kwenye chama sirudi tena."

"Ukitoka wewe, nani atasema humu ndani?"

"Nimesema miaka yote. Nani kasikia?"

"Mlango haufunguliwi na aliye nje, mwenzangu."

"Aliye nje huuvunja," mama akajibu.

Mwezi haukuisha, mama akajiunga na chama kipya cha upinzani. Mwanzoni haikuharibu kitu. Waliendelea kuanika pamoja na kutaniana. Mama mkubwa alimwambia akishinda asimsahau, na mama akamwambia akishindwa asije kumlilia.

Uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi ulipokaribia, wote wawili walipendekezwa na vyama vyao kwa viti maalum vya wanawake. Mama alizunguka na gari la kampeni hadi Magu, akihutubia kwa Kiswahili na Kisukuma. Watu walimpenda, nami niliona fahari. Jioni moja nilimweleza nilichofundishwa darasani kuhusu viti hivyo. Nilipanga maharage kwenye mkeka, kila punje jimbo moja, nikamwonyesha kwamba chama hupewa wanawake wa viti maalum kwa kadiri ya majimbo kilichoshinda, si kwa wingi wa kura.

Mama aliyatazama maharage. "Sasa yule bibi wa Magu aliyetupigia kura, mgombea wetu akishindwa pale, kura yake inakwenda wapi?"

"Haiendi popote, mama."

"Na wakiwa wengi kama yeye?"

"Hata wakiwa wengi."

Mama aliyazoa maharage akayarudisha kwenye ungo, akaanza kuyachambua.

Wiki ya mwisho ya kampeni alisimama jukwaani pale Kirumba akasema maneno ambayo nadhani hata yeye hakuyapanga. Alisema wapo wanawake wanaonuka dagaa kama sisi, lakini wanawafulia nguo wale wanaotaka kutufukuza. Hakutaja mtu. Mama mkubwa alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara, mbele ya duka la fundi cherehani, na kila mtu aligeuka kumtazama.

Jua lilikuwa halijazama alipofika kwetu. Hakukaa.

"Ulikuwa unanisema mimi?"

"Nilikisema chama chako," mama akajibu.

"Chama changu hakinuki dagaa. Mimi ndiye ninayenuka."

Mama alikuwa anakoka moto na hakuinua uso. Mama mkubwa akaondoka.

Matokeo yalipokuja, chama tawala kilikuwa kimechukua majimbo mengi mno, na wapinzani walikuwa kama chumvi kwenye sufuria ya mchuzi. Chama cha mama kilipata majimbo machache, na viti maalum vyake vikaishia kwa wanawake waliomtangulia kwenye orodha. Mama mkubwa alipata kiti, akaitwa bungeni Dodoma. Siku ya kuondoka alipita kuaga nyumba zote za mtaa wetu. Kwetu alinikuta mimi peke yangu. Mama alikuwa ameondoka mapema kwenda Kisesa kumwona bibi, safari ambayo jana yake haikuwapo.

Tulianza kumsikia kwenye redio. Mama hakukubali kwamba alikuwa anamsikiliza, lakini kipindi cha habari za Bunge kilipoanza, mchi ulitulia kwenye kinu. Hatimaye likaja swali la ufukwe wetu. Mama mkubwa aliuliza Serikali ina mpango gani kwa wanawake wanaoanika dagaa, ambao eneo lao amepewa mwekezaji bila wao kuulizwa. Waziri akajibu kwamba suala hilo linafanyiwa kazi. Mama mkubwa akasimama tena na swali la nyongeza. Aliuliza kama Mheshimiwa Waziri amewahi kuona dagaa wakianikwa, na kama anajua wanahitaji mchanga na jua, hawahitaji kazi ya kufanyiwa. Kicheko kilisikika ukumbini. Waziri akarudia jibu lilelile. Hakuna mbunge mwingine aliyesimama. Wa chama chake walikuwa wengi na walinyamaza. Wapinzani walikuwa wachache, na pengine hakuna aliyejua mwalo wetu ulipo.

Mama alikuwa ameshika mchi kwa mikono miwili. "Hapo," akasema taratibu, "hapo ndipo ningesimama mimi."

Uzio ulijengwa kabla ya masika. Wanawake wakahamia kwenye mawe yaliyo nje ya uzio, mahali ambapo dagaa walishika uchafu na bei ikaanguka. Mama mkubwa aliporudi likizo alikuja pale kwenye mawe kuwapa pole. Walimpokea kwa matusi. Mmoja alimwambia ameuza mchanga ili apate kiti. Mwingine alimuuliza huko Dodoma anakula dagaa wa wapi. Aliwaambia kwamba aliuliza, kwamba aliuliza mara mbili, na hakuna aliyemwamini.

Mama alikuwepo, nami nilikuwa karibu yake. Kati ya wote pale, yeye ndiye aliyelisikia swali lile kuanzia mwanzo hadi mwisho. Neno lake moja lingetosha, maana wanawake wale walikuwa wakimsikiliza. Mama mkubwa alimtazama. Mama aliendelea kugeuza dagaa waliokwishageuzwa, mpaka mwenzake akachukua kanga yake na kupanda njia ya kurudi barabarani.

Uchaguzi uliofuata, chama cha mama mkubwa hakikumpendekeza tena. Ilisemekana alikuwa na maswali mengi. Akauza nyumba yake Mwanza akarudi Ukerewe. Chama cha mama nacho kilikuwa kimegawanyika, viongozi wake wakigombania ofisi, na mama akaacha kwenda mikutanoni. Alianza kusema peke yake akiwa jikoni. Siku moja nilimsikia akisema, "Nilimnyamazia." Nilijua ni nani.

Nikamshauri tumfuate. Tulipanda meli ya asubuhi hadi Nansio, tukamkuta amezeeka kuliko mama, analima mihogo na machungwa. Alitupokea kwa upole. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia na kuniuliza habari za masomo. Walizungumza juu ya mvua, juu ya watoto, juu ya waliofariki. Habari za ufukwe hazikutajwa. Wakati wa kuaga ndipo mama alipomshika mkono.

"Dada, siku ile kwenye mawe..."

"Acha, mwenzangu. Hata ungesema, uzio ulikuwa umeshajengwa."

"Sikuwa na maana ya uzio."

"Najua," akasema, akamfungia machungwa kwenye mfuko.

Melini mama alikaa upande wa kivuli, machungwa mapajani. Nilimwambia naona wamesameheana. Alikubali kwa kichwa. Kisha akaniuliza kama niliona jinsi alivyotandikiwa kitambaa kipya kwenye kiti, na vile vyombo vya wageni vilivyotolewa kabatini, na jinsi alivyokatazwa kuingia jikoni kusaidia kusonga ugali.

"Amenikaribisha vizuri sana," akasema. "Amenikaribisha kama mgeni."