Wifi Anayecheza na Rangi Ukutani

Rafu ya chini ya friji yetu haipo, na anayetaka kujua iko wapi namwelekeza kwa wifi yangu. Ilikuwa rafu nzuri ya kioo, ina ukingo wa plastiki, haina hata mkwaruzo. Siku moja alikuja kututembelea, akaondoka nayo bila kuniaga. Mume wangu, ambaye ni kaka yake, akasema, "Si umwache tu." Hiyo ndiyo kazi yake, kusema watu waachwe.

Wifi yangu anatengeneza picha za ukutani kwa ajili ya bendi. Si picha za kutundika! Bendi yenyewe ni ya vijana watatu wanaopiga muziki wa mashine, vinanda na ngoma za umeme, nyaya zimetapakaa kila mahali, na wenyewe hukaa gizani huwaoni hata pua. Watu wanachotazama ni ukuta mkubwa nyuma yao, na kila kilichopo ukutani ni kazi ya wifi. Anawasha taa, juu ya taa anaweka rafu yangu, juu ya rafu anamwaga maji, mafuta ya kupikia na rangi za keki. Juu kabisa kuna kamera ndogo inachungulia chini. Kamera inapeleka kwenye kompyuta, kompyuta kwenye projekta, na kitone cha rangi kisichozidi punje ya mchele kinakuwa kikubwa kuliko nyumba, kinapasuka, kinakimbia, kinacheza sawasawa na ngoma. Mara ya kwanza nilipoona nilisahau habari ya friji. Mimi ni mwalimu, tena mkali, lakini siku ile nilipiga kelele kama mtoto wa darasa la pili aliyeambiwa kesho hakuna shule.

Ila mambo yalikuwa hayajakaa sawa. Kabla ya hapo, wifi alikuwa mpiga video wa harusi kwa miaka tisa. Kazi ile aliiacha ghafla, akauza na kamera kubwa, kwa ajili ya bendi hii. Sasa kiongozi wao, mpiga kinanda tunayemwita Waya, akawa amepata mtu wa kumtengenezea video zilizokwisha kamilika. Unabonyeza mara moja, zinakwenda zenyewe mpaka mwisho. Hazimwagi maji, hazitaki meza, na wala hazimtaki wifi.

"Dada, Jumamosi tufanye na wewe, halafu nitaamua," alimwambia. "Na sharti ni lile lile. Sitaki sura ya mtu ukutani. Rangi tu."

Aliamini sura ikitokea watu wanaacha kusikiliza, wanaanza kuulizana yule ni nani.

Jumamosi hiyo, saa nne asubuhi, wifi huyo mlangoni kwangu.

"Wifi, una mikono miwili?"

"Nina madaftari arobaini ya kusahihisha."

"Nimekuuliza mikono."

Haya, nikaenda. Ulikuwa ukumbi wa mikutano, madirisha yamezibwa kwa mapazia meusi, na saa tisa alasiri humo ndani humwoni jirani yako. Meza yetu ilikuwa katikati ya watu, pembeni ya njia. Nilikabidhiwa chupa tatu za kudondoshea. Kwa kuwa muziki ukianza husikii hata chafya yako mwenyewe, tulipatana tuelewane kwa goti. Akinigonga goti mara moja, rangi. Mara mbili, mafuta. Mara tatu, sabuni ya vyombo, na hiyo ndiyo silaha yenyewe, maana tone moja likianguka rangi zote zinatimka mbio.

Kabla hawajaanza akaja mama mmoja wa makamo, amekumbatia mkoba, anatafuta pa kukaa. Nikamwamkia, nikamsogezea kiti karibu na meza yetu.

"Mwanangu," alinipigia kelele sikioni baada ya wimbo wa kwanza, "hawa hawana sauti ya chini?"

"Mama, hiyo ndiyo ya chini!"

Akaguna, akaukaza mkoba kifuani. Lakini hakuondoka.

Jamani, ile alasiri! Goti langu lilikoma. Mara moja, mara mbili, moja tena, tatu, na ukuta mzima unalipuka buluu, na watu wanapiga mayowe, na mimi nadondosha na kucheka peke yangu kama niliyepagawa. Wifi mkono mmoja kwenye kompyuta, mwingine unatikisa rafu, jasho linamtiririka. Mara mbili, kwa mwanga wa ukuta, nilimwona Waya akigeuka kuutazama, jambo ambalo huwa halifanyi. Nikajua tumeshinda.

Wimbo wa tano ukapoa. Ngoma zikanyamaza, kikabaki kinanda cha Waya peke yake, polepole. Hapo ndipo wifi alipofanya kosa ambalo haliwezi kufanywa na mtu yeyote isipokuwa mpiga video wa harusi. Harusini, muziki ukipoa, unamtafuta mama. Mama atakuwa analia, na hiyo ndiyo picha wanayoitaka. Miaka tisa mkono wake umefanya hivyo. Niliuona mkono huo ukiichomoa kamera kwenye nguzo yake na kuigeuza, macho yake mwenyewe yakiwa kwenye kompyuta, moja kwa moja kwa yule mama wa mkoba.

Naye kweli alikuwa analia. Mwanga wa taa yetu, uliopitia kwenye zile rangi, ulikuwa umempaka nyekundu shavu moja na buluu jingine. Uso wake ukajaa ukuta mzima, chozi lenyewe kubwa kama ndoo.

Nikamfinya wifi. "Sura! Wifi, sura!"

Akainua kichwa. Macho yakamtoka pima. Kabla hajairudisha kamera, kinanda kikanyamaza. Waya alikuwa amesimama, ametupa mgongo, anautazama ukuta. Nikasema basi, wifi yangu amemwaga unga mbele ya watu mia nne.

Waya akachukua kipaza sauti.

"Mama? Umekuja?"

Yule mama akajifuta shavu, na ukuta nao ukajifuta shavu.

"Nimekuja," alisema, na ukumbi ulivyokuwa kimya, kila mtu alimsikia. "We endelea, nilikuwa nasikiliza."

Ukumbi uliruka! Waya alirukia kinanda, ngoma zikafunguka zote kwa pamoja, wifi akaibandika kamera mahali pake na kunigonga goti mara tatu kwa nguvu za ajabu, nami nikaminya chupa yote. Sijawahi kuona rangi zikikimbia vile.

Taa zilipowashwa Waya alikuja mezani, shati limelowa. Wifi alisimama kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

"Dada, umevunja sharti."

"Nimevunja. Mkono ulikwenda wenyewe. Nisamehe."

Waya akakigusa kiti alichokalia mama yake. "Miaka sita namwomba aje. Kila nikimwita anasema makelele yangu yanampandisha presha. Nipe ile video nikae nayo."

"Sina."

"Huna vipi?"

"Sikurekodi. Hapa hatuna cha kurekodia, Waya. Ikitokea, imetokea."

Mtu aliyerekodi harusi za mji mzima! Waya aligeuka kuutazama ukuta. Ulikuwa mweupe, una ufa mdogo pembeni. Aliutazama kwa muda mrefu sana, kisha akatoa simu na kupiga pale pale mbele yetu.

"Kaka, samahani, zile video naomba tuache. Hapana, ni nzuri, nzuri sana." Akajifuta macho kwa kiwiko. "Ila mama yangu akija tena, zitamwonaje?"