Gari la Viti Viwili

Kwa miaka ishirini na mmoja nimefundisha watu kuendesha gari mjini Tabora, na miaka yote hiyo nimekaa kiti cha abiria. Mwanafunzi hushika usukani upande wa kulia. Mimi hukaa kushoto kwake, mguu juu ya breki yangu ya pili, nikimwambia apunguze. Punguza, tuta. Punguza, baiskeli. Punguza, mama yule hajakuona. Bila kutia chumvi, neno nililolitamka zaidi maishani mwangu, kuliko hata majina ya wanangu, ni hilo moja: punguza.

Basi nilipotimiza miaka hamsini na miwili nikanunua gari la mbio.

Halikuwa jipya. Lilikuwa la Kijerumani, jekundu lililoanza kupauka juu ya boneti, milango miwili, viti viwili, paa la turubai linalokunjwa, na injini yake ilikaa nyuma ya viti badala ya mbele. Mwenyewe alikuwa mhandisi Mzungu aliyemaliza mkataba wake Dar es Salaam na alikuwa akifunga mizigo arudi kwao. Mimi nilikuwa nimekwenda Dar kwenye arusi ya mtoto wa dada yangu, na nyumba tuliyofikia ilipakana na yake. Nililiona nilipochungulia juu ya ukuta, limefunikwa shuka kama mgonjwa. Nikauliza. Yule mhandisi akanifungulia mlango, nikaketi, au niseme nikashuka, maana kiti kilikuwa karibu na ardhi kama kigoda cha jikoni. Ndipo nikaona kwamba usukani ulikuwa kushoto. Upande wangu. Upande ule ule niliokaa miaka yote nikitazama mikono ya wengine ikihangaika, na safari hii usukani ulikuwa mbele yangu mimi.

Sikuomba muda wa kufikiri. Nilimpigia simu mume wangu, mstaafu wa reli na mtu wa maneno machache.

"Lina viti vingapi?" akauliza.

"Viwili."

"Na ndugu zako watakaa wapi?"

"Kwenye basi."

Akacheka mpaka akakohoa, nikajua amekubali.

Nililileta nyumbani mwenyewe, nikalala Dodoma njiani. Siku ya kwanza niliendesha kama ninavyofundisha. Siku ya pili, baada ya Manyoni, barabara ikaingia kwenye pori la Itigi, lami nzuri, imenyooka, na kwa dakika nyingi hapakuwa na mtu mwingine isipokuwa mimi na miombo pande zote mbili. Hapo nilikanyaga. Magari yetu tuliyoyazoea ukiyakanyaga hufikiri kwanza, kama karani anayetafuta faili. Hili halikufikiri. Mgongo wangu uligandamana na kiti, injini ikaanza kuimba nyuma ya masikio yangu, na usukani ukawa unaniambia kila kokoto tuliyoipita. Nilipiga kelele peke yangu, mtu mzima mimi, mke wa mtu, mwimba kwaya. Kisha nikapunguza, kwa sababu mbele palikuwa na mrina asali anayesukuma baiskeli yenye madumu.

Babu wa mama yangu alikuwa mpagazi. Alitoka Unyanyembe na pembe ya ndovu begani, akaenda pwani na kurudi kwa miguu, na watu wa kwetu walihesabu safari ile kwa misimu ya mvua. Mimi nilikuwa nimetoka pwani jana asubuhi. Niliingia Tabora jua likiwa bado juu, paa limekunjwa, kilemba kimefungwa sawasawa, na sioni haya kusema kwamba nilipita barabara ya sokoni mara mbili.

Wanaouliza raha yake nimekwisha kuwajibu. Taabu zake zilianza juma lile lile. Tunakaa Ipuli, na kati ya lami na geti letu kuna matuta mawili na mfereji. Tuta la kawaida nilipaswa kulipanda kimshazari, tairi moja moja, huku bodaboda wote nyuma yangu wakipiga honi. Vumbi la kiangazi lilipenya kwenye turubai likakaa juu ya viti kama unga wa muhogo. Pedi za breki ziliagizwa Dar zikaja kwa basi, na kabla hazijafika nilikwenda kazini kwa miguu. Kupita lori ilikuwa kazi ya imani, kwa kuwa dereva akikaa kushoto haoni mbele mpaka aingie upande wa wenzake. Na watu walisema. Mwanakwaya mwenzangu aliniambia mbele ya wengine, "Dada, hilo ni gari la kijana."

"Basi nimekuwa kijana," nikamjibu.

Siku moja upande wa Nzega nilisimamishwa na trafiki mwenye tochi ya kupima mwendo. Alikuja dirishani, akainama sana ili anione, akashtuka.

"Mwalimu! Shikamoo."

"Marahaba." Nilikuwa nimemfundisha mimi, na alifaulu mara ya kwanza.

"Mwalimu, pale nyuma kuna kibao cha hamsini. Ulipita na sabini na moja." Alikuwa akiona haya kuliko mimi. "Sasa nifanyeje?"

"Ulivyofundishwa," nikasema. "Andika."

Akaandika. Nilirudi nyumbani nikiwa na karatasi ya faini kwenye mkoba na fahari ya ajabu moyoni, kwa sababu kijana yule hakunipendelea.

Lakini mkasa wenyewe ulitokea Kigwa, na ulitokana na maneno ya mama yangu. Tunamwita Mayu, kama Wanyamwezi wengi wanavyowaita mama zao. Anakaa kwenye shamba lake, kilomita tatu kutoka barabara ya lami, kwenye njia ya mikokoteni yenye mchanga na mawe. Kila nilipokwenda kumwona niliacha gari dukani pale barabarani, nikamalizia kwa bodaboda. Kwa miezi minane alisikia habari za gari bila kuliona. Jumamosi moja ya Novemba, mvua za kwanza zikiwa zimenyesha, alinipigia simu.

"Watu wote wa Kigwa wameliona gari lako. Waliopita na ng'ombe wameliona. Mimi niliyekuzaa sijaliona. Linaniogopa?"

"Mayu, njia ni mbaya."

"Njia hii tumepita na mkokoteni tangu hujazaliwa."

Ningeweza kumfuata na bodaboda nikamleta barabarani alione. Ilikuwa rahisi hivyo. Lakini maneno yale yaliniingia, nami nilitaka kusimama mbele ya mlango wake nikazima injini, nikashuka, naye aone. Mwanafunzi wangu angefanya nilichofanya ningemfelisha papo hapo.

Nilikwenda polepole. Mchanga ulikuwa umeshikamana kwa mvua, na kilomita ya kwanza ilipita vizuri hata nikaanza kutabasamu. Kisha njia ikashuka kidogo, tairi la kulia likaingia kwenye mfuo wa mkokoteni, gari likainama, na nikasikia mlio chini yangu. Ulikuwa mlio mfupi, kama mtu amevunja chungu. Nikazima injini mara moja. Hilo nililifanya vizuri. Niliposhuka na kupiga magoti nikaona oili inatoka, nyeusi na ya moto, inanywewa na mchanga, na jiwe lililofanya kazi ile lilikuwa dogo kuliko kichwa cha mbuzi.

Nilikaa kwenye majani kando ya njia nikalia. Silii mara kwa mara, lakini pale nililia kwa hasira, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumlaumu.

Mayu alikuja kwa miguu, jembe begani, maana habari zilimfikia kabla sijapiga simu. Hakuniuliza kama nimeumia. Aliona nimekaa na ninalia, akajua mimi ni mzima. Alilizunguka gari lote, akagusa taa, akachungulia ndani.

"Ndilo hili?"

"Ndilo."

"Kumbe zuri," akasema. "Lakini limelala."

Jirani yake ni Msukuma mfugaji aliyehamia pale zamani, mtu mrefu asiyependa haraka. Alikuwa akitayarisha plau. Mayu alimwita, akaja na ng'ombe sita katika nira tatu, na mnyororo. Alitazama mbele ya gari, akatikisa kichwa.

"Mama, hili nalifunga wapi? Halina pembe."

Kwenye mkoba wa vifaa palikuwa na kulabu ya chuma inayoingizwa kwa kuzungusha kwenye tundu la bampa. Mhandisi alinionyesha, nami niliicheka nikidhani sitaihitaji. Tuliizungusha mpaka ikashika. Vijana wa jirani walikuwa wamekwisha kuligeuza gari kwa mikono, mbele likatazama tulikotoka. Nikaingia nishike usukani. Kabla sijafunga mlango wangu, ule mwingine ulifunguka, na Mayu akaketi, jembe katikati ya magoti, bapa juu.

"Mayu, shuka, utatutia uzito."

"Miezi minane nimengoja gari hili. Sishuki."

Yule mfugaji akawasemesha ng'ombe kwa Kisukuma, kwa sauti ya chini kama anayebembeleza, nira zikalia, mnyororo ukakaza, na gari likaanza kutembea. Walituvuta kupitia shamba ambalo halijalimwa, mbali na mawe. Gari lililotoka Dodoma hadi Tabora kabla adhuhuri haijapita vizuri, sasa lilienda kwa mwendo wa ng'ombe wa plau. Wanawake walitoka majumbani wakapiga vigelegele kama tunapeleka bibi arusi. Mayu aliwapungia mkono kupitia dirishani. Nilijaribu kununa. Nilishindwa. Tulipofika lami nilikuwa nacheka hadi mbavu zinauma, na yule mfugaji, ambaye hakuwa amecheka hata kidogo, aliwapapasa ng'ombe wake shingoni mmoja mmoja akaniambia, "Jepesi. Plau ni zito zaidi."

Lori lililokuwa limeshusha matofali lilitupakia hadi mjini, gari likasukumwa juu ya mbao na watu wengi kuliko waliohitajika. Mume wangu alisimama getini akatutazama tukilishusha. "Reli isingekufanyia hivi," akasema, akaenda kuniwekea maji ya kuoga.

Fundi wangu, anayetunza magari ya shule yangu ya udereva miaka yote, alilala chini ya gari kwa muda mrefu. Iliyopasuka ilikuwa sampo, bakuli la oili lililo chini ya injini, na ilikuwa ya aluminiamu. Tuliagiza nyingine kutoka ng'ambo. Baada ya miezi miwili ikaja, ikawa ya toleo jingine, haikukaa. Nilipoiona imekataa kulingana na matundu, kwa mara ya kwanza nilimwambia fundi kwamba nitaliuza hivyo hivyo, kwa vipande.

"Mwalimu, mimi ulinifundisha gia kwa wiki tatu nikiwa sielewi," akasema. "Hukuniuza kwa vipande. Nipe siku nne."

Alichukua ile sampo iliyopasuka, akaichemsha kwenye maji ya magadi mpaka mafuta yote yakatoka, akaipeleka kwa mtu mmoja upande wa Kipalapala anayejua kuchomelea aluminiamu. Mara ya kwanza ilivuja, tone moja kila baada ya muda, tukalihesabu kwenye kipande cha boksi. Akaifungua tena, akairudisha, ikachomelewa upya. Siku ya nne boksi lilikuwa kavu. Juu ya hapo akatengeneza ngao ya bati nene, akaifunga chini ya injini. "Wenyewe Wajerumani walisahau kitu hiki," akasema. Ngao hiyo inapiga kelele tukipita kwenye lami mbovu, na siwezi kuiondoa bila kumuudhi.

Watu huniuliza kama nilijuta. Nilijuta kwa ile njia ya Kigwa, na mpaka leo gari halijatoka tena kwenye lami isipokuwa kuingia nyumbani. Kuhusu gari lenyewe, hapana. Nimekubali kwamba ni kitu kisicho na faida, kinachotaka vingi na kubeba kidogo, na ninalipenda nikiwa na akili zangu timamu.

Kiangazi kilichofuata, Jumapili moja baada ya ibada, Mayu alikuja barabarani kwa bodaboda amevaa gauni la kanisani. Tukashika njia ya kuelekea Nyahua, paa limekunjwa. Mbele yetu palikuwa na lori la magogo linalokwenda kwa kujikokota.

"Mayu, wewe uko kulia. Tazama mbele uniambie kama kuna kitu kinakuja."

Akainua shingo. "Hakuna." Nilipoanza kutoka akanishika mkono. "Ngoja! Kuna pikipiki." Ikapita. "Sasa. Nenda. Nenda mwanangu, nenda!"

Nikaingiza gia ya tatu nikaenda. Kilemba chake kiliinuka, akakishika kwa mikono yote miwili, na sauti aliyoitoa sikuwahi kuisikia kwake. Lori lilipokuwa mbali nyuma yetu aliniuliza kama kuna jingine mbele.

Kituo cha mafuta tuliposimama, mfanyabiashara wa mpunga kutoka Igunga alikuja na gari lake kubwa, akalitazama letu kwa muda, akanisalimia kwa heshima na kuniomba nitaje bei. Alisema yuko tayari siku hiyo hiyo.

"Mwulize ana mama?" Mayu akaniambia, bila kushuka. "Kama anaye, akamtafutie lake."

Yule bwana akacheka, akampa Mayu shikamoo, na mhudumu akanirudishia ufunguo wa tangi. Tukageuza, tukapita malori mawili zaidi, na tukafika Kigwa kabla kuku wa Mayu hawajaingia bandani.