Jina la Aliyezaliwa Njiani

Kazi yangu ni kufanya kompyuta ijibu haraka. Marafiki hunitania kwamba hata chai nainywa kama mtu anayefukuzwa, na hawajakosea. Sipendi kusubiri. Nikiona kile kiduara kinachozunguka kwenye skrini, damu hunichemka hata kama simu si yangu.

Kwa hiyo kanisa moja la upande wa Kyuso liliponiomba nitengeneze mfumo wa rekodi za watoto kwa ajili ya zahanati yao, nilikubali kabla hawajamaliza kueleza. Rekodi tuliziweka kwenye wingu, yaani kwenye kompyuta kubwa zilizo mbali, ambazo unazifikia kwa intaneti. Hifadhidata niliyoichagua ni ya aina isiyopenda maneno mengi. Kila mtoto ana rekodi yake, na kila rekodi ina ufunguo wake. Ukitaja ufunguo kamili, rekodi inakuja kabla hujapepesa macho, hata kama humo ndani kuna watoto wa nchi nzima. Ukikosea herufi moja, unaambiwa hakuna. Haikisii, wala haikuulizi ulikuwa na maana gani.

Ufunguo niliutunga mwenyewe: nambari ya simu ya mtu aliyemleta mtoto kuandikishwa, ikiunganishwa na jina la mtoto. Nambari peke yake haikutosha, kwa sababu huku kwetu simu moja hutumiwa na boma zima. Jina peke yake pia halikutosha, maana sisi Wakamba tunarithishana majina mpaka mwalimu anachoka. Nikaviunganisha viwili hivyo na kujipongeza. Njia nyingine ilikuwepo, ya kupekua rekodi zote moja baada ya nyingine mpaka umpate unayemtaka, lakini ni ya polepole na niliidharau. Sikuwawekea hata kitufe chake.

Nilirudi Kyuso msimu wa kuvuna ndengu, nione mambo yanakwendaje. Karani alikuwa msichana aliyezaliwa Mwingi katika familia ya Kiislamu iliyotoka pwani zamani, na Kiswahili chake kilitiririka mpaka wazee walikuwa wakimwuliza mambo ili tu wamsikie akijibu. Niliketi kando yake nikitazama. Mama anataja nambari, anataja jina, rekodi inafunguka. Nilifurahi kama mtu anayetazama ng'ombe wake akinywa maji.

Halafu akaingia mama mmoja kijana, vumbi la shamba miguuni, amempakata mtoto wa kiume aliyekuwa akihema kwa shida. Kijitabu cha kliniki alikuwa amekiacha nyumbani kwa haraka. Muuguzi alimgusa mtoto, akamsikiliza kifua, akakunja uso.

"Huyu lazima nimdunge sindano saa hii," alisema. "Kuna dawa inamkataa?"

"Iko moja walikataza," mama akajibu. "Alifura uso yote, akakosa pumzi. Lakini sijui ni gani. Mimi nilikuwa kazi Mwingi. Ni mzee wetu alimleta."

Mzee wetu, yaani baba mkwe wake. Simu ya mzee ilipigwa, ikawa haipatikani. Ya mumewe iliita tu bila kupokelewa. Muuguzi alisimama na chupa mbili za dawa mkononi, akatugeukia sisi wa kompyuta.

"Hilo si tatizo, limo humu," karani akasema. "Nipe nambari ya mzee. Mtoto anaitwa nani?"

"Ni Baba."

"Baba nani?"

"Baba tu."

Karani akaandika. Jibu likaja upesi, kama nilivyokuwa nimelitengeneza lije: hakuna.

"Mama, nataka lile jina la kwenye cheti."

Mama akatazama sakafu. Karani akamsogezea kalamu na karatasi. Akazirudisha bila kuandika kitu. Watu kwenye benchi walianza kunong'ona. Karani, ambaye si mtu mbaya hata kidogo, alishindwa kujizuia.

"Mama gani hajui jina la mwanawe?"

Nami nilikasirika, nikiwaza vivyo hivyo. Nilifungua laptopu yangu nikaanza kupekua rekodi zote, ile njia niliyoidharau. Mtandao wa Kyuso mchana ule ulikuwa unajikokota. Kiduara kikazunguka, kikazunguka. Mtoto alikohoa, kichwa kikamlegea begani mwa mama yake.

Niliinua macho nikamwona mama. Alikuwa amefumba macho, midomo ikijaribu kuunda neno, kama anayejiandaa kumeza dawa chungu. Hapo ndipo nilipoelewa. Jina alilijua vizuri sana. Lilikuwa la baba mkwe wake. Mtoto wa kwanza wa kiume hurithi jina la babu yake, na mke aliyelelewa kwa kushika nthoni, ile heshima yetu yenye haya ndani yake, halitamki jina la baba mkwe wake maisha yake yote. Haliandiki. Hata likihamia kwa mtoto aliyemzaa mwenyewe, bado ni la mzee. Siku hizi wengi hawashiki tena mambo hayo, lakini yeye aliyashika, na sasa alikuwa karibu kuyavunja mbele ya benchi zima la watu wa kijijini kwao, kwa ajili ya mtoto. Nilimhurumia mpaka nikasimama.

"Usiseme," nilimwambia kwa Kikamba. "Niambie tu lina maana gani."

Alifumbua macho. Pumzi zilimtoka kwa kishindo.

"Ni ya mtu alizaliwa njiani," akasema. "Mamake akitoka kuteka maji."

Majina yetu ndivyo yalivyo. Kuna la aliyezaliwa usiku, kuna la aliyezaliwa wakati wa njaa. La njiani kila Mkamba analijua. Niliinama nikamtajia karani herufi moja moja sikioni, ili mama asilisikie likitamkwa ovyo ovyo. Karani aliandika, akabonyeza. Rekodi ikafunguka, na juu kabisa, kwa maandishi mekundu, lilikuwepo onyo na jina la dawa.

Muuguzi alisoma, akairudisha kabatini chupa moja kati ya zile mbili. Ndiyo aliyokuwa akitaka kuitumia.

Mtoto alidungwa nyingine, akalazwa kwenye kitanda kidogo nyuma ya pazia. Tulikaa. Tulizungumzia bei ya ndengu tu, lakini masikio yetu yote yalikuwa nyuma ya pazia lile. Jua lilipoanza kupungua, kifua cha mtoto kilikuwa kimetulia na alikuwa akitaka uji. Karani alienda kumpikia mwenyewe. Alipompa mama kikombe alikishika kwa mikono miwili.

"Nisamehe, dada," alimwambia. "Sikujua."

"Hata sisi tunachokanga na hiyo nthoni," mama akajibu, na wote wawili wakacheka.

Nilitengeneza mlango wa pili wiki hiyo hiyo. Kwa lugha ya kazi yetu ni faharasa nyingine tu juu ya rekodi zile zile: nambari ya simu, ikiunganishwa na jina analoitwa mtoto nyumbani. Si kazi kubwa, na karani alianza kulijaza jina hilo kwa mtoto yule yule. Kazi kubwa ilikuwa kumweleza mkubwa wa zahanati kwa nini fomu sasa ina nafasi ya majina kama Baba, Mzee, Mgeni wangu na Mwenye boma. Alitaka kujua kama nafanya mzaha.

Mama yule alimrudisha mtoto kuangaliwa nikiwa bado Kyuso. Alitembea mwenyewe mtoto, anaburuta fimbo. Karani akauliza nambari ya mzee, kisha akasema kwa upole, "Na nyumbani mnamwitaje?"

"Baba."

Rekodi ilifunguka kabla mama hajaketi. Aliinama akaitazama skrini kwa muda, ingawa hakuna kubwa la kuona pale zaidi ya mistari ya tarehe za chanjo.

"Ametokea na hiyo jina?" aliuliza. "Hiyo tu yangu?"

"Na hiyo tu," karani akamwambia.

Mama akamgeukia mtoto, akamfuta kamasi kwa ncha ya leso. "Baba, umesikia? Wanakujua." Mtoto hakujali, alikuwa akiipiga piga meza kwa fimbo yake. Nilitoka nje nikajifanya natafuta mtandao.

Huko nje nilimpigia simu mama yangu, aliye kijijini Matiliku. Mimi ni mwanawe wa kwanza, na nina jina la babu mzaa baba. Babu alikufa zamani, lakini mama hajawahi kulitamka jina langu, si kwa kuniita kula, si kwa kunigombeza. Wadogo zangu aliwaita kwa majina yao kutwa nzima, kwa sauti ya kufika ng'ambo ya mto. Nikiwa kijana niliamini kwamba hanipendi kama wao, na sikuwahi kumwambia mtu. Sasa nilitaka kumweleza habari ya mtoto wa Kyuso.

"Baba," alisema kabla sijamsalimu vizuri, "umekula?"

Nilimwambia nimekula, ingawa bado, na nikamwomba aniite hivyo tena.