Hakuhitaji Tumwamini

Ipo siku moja siwezi kuisahau, mwanangu, na kila nikiikumbuka damu hunichemka hata leo, mvi zikiwa zimenijaa kichwani. Ni siku ambayo nyanya yangu, ambaye sote tulimwita Shosho, alivua nguo mbele ya diwani wetu hapa mtaani Satellite, na Nairobi nzima ikacheka.

Nakuambia haya kwa sababu jana nilikuona kwenye kochi na simu yako, ukimcheka mama fulani aliyekuwa akimfokea mheshimiwa sokoni. Nilikuuliza mama huyo analilia nini. Ukanijibu, "Sijui, mathe, lakini imenibamba, inachekesha!" Kisha ukaongeza kwamba kura hutapiga, kwa kuwa wote ni walewale. Nilirudi jikoni, maana ningefungua mdomo ningekujibu kwa mwiko. Leo nimepoa kidogo. Keti nikueleze.

Miaka hiyo kaunti hazikuwapo. Jiji lilikuwa na madiwani, na wetu alikuwa mtoto wa hapa hapa, aliyebatizwa kanisani kwetu na kunyweshwa uji na mama zetu. Kikulacho ki nguoni mwako. Chini ya kanisa kulikuwa na ploti wazi ambayo kila mtu aliiita ya zahanati, na usidhani ilikuwa zawadi ya serikali. Zamani, mashamba ya wazee wetu yalipopimwa na kupewa hati, kila familia ilikatwa kipande kidogo, vipande vikajumlishwa ili watu wapate shule, soko na zahanati. Shule ilijengwa. Soko likajengwa. Zahanati ikabaki kuahidiwa kila uchaguzi, ikafika mahali hata mtoto mdogo akaijua hotuba hiyo kwa moyo.

Kipande cha Shosho kilikuwa humo, naye alikuwa na sababu ya kukililia. Binti yake wa mwisho, shangazi yangu, alitokwa na damu nyingi njiani akipelekwa kujifungua hospitali ya mbali, akafa yeye na mtoto. Mimi nami wakati huo nilikuwa na mimba yako. Kila Shosho aliponitazama tumbo, alitazama pia ile ploti.

Asubuhi hiyo tuliamka tukakuta lori limemwaga mabati na nguzo pale. Diwani alifika na suti yake, pamoja na tajiri mmoja ambaye hatukumjua, na vijana wa kupiga makofi. Kamera ya televisheni ilikuwa imeitwa pia, ije ipige picha za maendeleo. Shosho alimwendea taratibu, akamwita kwa jina la ubatizo, akamuuliza zahanati inajengwa lini.

"Shosho, hiyo mambo ya zahanati ni ya kitambo," akasema diwani. "Hapa inakuja manyumba za kisasa. Si mtafurahi mkiona mtaa imependeza?"

Vijana wakapiga makofi.

Sasa sikiliza vizuri, kwa sababu wewe umekulia simuni. Kwetu, mwanamke mzee akimvulia mtu nguo hajashikwa na wazimu, wala hachezi. Hilo ni neno la mwisho, hutolewa maneno mengine yote yakiisha. Anamwambia: hapa ndipo ulipotoka, na leo najuta kwamba ulitoka. Mwanamume mwenye akili akionyeshwa hivyo hufunika uso, hukimbia, na hutafuta wazee wamwombee msamaha. Shosho alivua sweta lake la kanisani, akafungua leso, akainua gauni, huku machozi yakimtoka. Wanaume wa kwetu waligeuka wakatazama chini. Diwani alirudi nyuma hadi akajikwaa kwenye mabati yake mwenyewe. Mtu mmoja tu ndiye aliyesogea mbele, naye ni yule wa kamera.

Mimi nilikuwa mpishi katika nyumba moja Lavington, mtaa wa matajiri. Jioni hiyo nilikuwa napeleka chai sebuleni, kuna wageni, taarifa ya saa moja inaendelea. Nikamsikia mtangazaji akisema, sauti imejaa kicheko, kwamba sasa ni zamu ya vioja vya mitaani. Nikaliona gauni la Shosho. Sehemu fulani walikuwa wameziwekea ukungu, eti heshima, halafu wakatia muziki wa sarakasi. Ploti haikutajwa. Zahanati haikutajwa. Diwani alipewa nafasi ya kusema kwamba wazee wengine hupinga maendeleo kwa sababu umri umewazidi, na picha ikarudiwa tena, polepole, ili asiyeona aone.

Wageni walicheka hadi mmoja akapaliwa na biskuti. Mama mwenye nyumba akasema, "Hawa watu wa huko chini wana vituko!"

Nikaweka sinia mezani. "Madam, huyo ni shosho yangu."

Kicheko kilikatika, lakini hakuna aliyeniuliza shosho yangu alitaka nini. Walibadilisha stesheni, wakaniomba sukari. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mimi niliwaletea hiyo sukari nikiuma meno kwa hasira.

Kesho yake Shosho alivaa koti lake jeusi la mazishi, akasema twende mjini, kwa hao watu wa televisheni. Tulikaa mapokezi asubuhi nzima, miguu yangu imevimba, wafanyakazi wakipita wakimtambua na kuziba midomo. Mwishowe kijana aliyetengeneza ile habari alishuka. Alikuwa mpole na mwenye adabu, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

"Pole sana, Shosho," akasema. "Lakini hiyo stori imefanya vizuri. Watu wanapiga simu wakitaka irudiwe."

"Ulimuuliza diwani hiyo ploti alipewa na nani?"

"Nafasi haikutosha. Stori kama hiyo tunapewa dakika moja hivi."

"Na ya kuonyesha mapaja yangu ilitosha?"

Kijana akajitetea kwamba watu wamechoka na siasa, hawamwamini mwanasiasa yeyote, kwa hivyo wao huwatafutia kitu cha kuwachangamsha. Shosho akamwambia, "Mficha uchi hazai, kijana wangu, kwa hivyo mimi aibu sina. Aibu ni yako, wewe uliyeona uchi wangu na usione ploti." Tukaondoka. Hawakurekebisha chochote, na mpaka leo hawajarekebisha.

Lakini hao wa televisheni ni nusu tu ya hasira yangu. Nusu nyingine ni ya majirani, na hiyo ndiyo inayouma zaidi.

Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa soko: mwenye pingamizi kuhusu ploti afike ofisi fulani katikati ya jiji, siku fulani, asikilizwe. Shosho alipita nyumba kwa nyumba na fimbo yake. Kinyozi akamwambia, "Hiyo ishaliwa, Shosho. Unajisumbua bure." Mwenye nyumba za kupangisha akasema, "Wote ni wezi. Mi siwezi funga kazi yangu juu ya wezi." Mwalimu mstaafu, aliyefundisha nusu ya mtaa huu kusoma, akasema siasa aliacha kuifuata, ni mchezo mchafu. Walisema hivyo wakitabasamu, mwanangu! Kila mmoja alijiona mjanja. Kila mmoja alikuwa amemgundua diwani zamani, na ugunduzi huo ukamtosha, akarudi kuketi.

Siku yenyewe hatukujaza hata benchi moja. Shosho alieleza habari ya mashamba, ya vipande, ya binti yake. Ofisa alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mama, unasema mtaa mzima unapinga. Mtaa uko wapi?" Kidole kimoja hakivunji chawa, na sisi tulikuwa kidole cha bibi kizee na cha mjamzito.

Jumapili iliyofuata, baada ya matangazo, Shosho aliomba kusema neno kanisani. Mchungaji alisitasita, lakini nani angemnyima, kwa umri wake? Alisimama mbele, akashika nguzo.

"Mnajisifu kwamba hamdanganyiki," akasema. "Mnasema huyu mlimjua ni mwizi tangu mwanzo. Mlimjua, halafu? Huyu hakuhitaji mumwamini. Alihitaji mkae nyumbani, na mmekaa. Anayempigia makofi na anayemcheka wote wamemfanyia kazi moja."

Mtu mmoja akakohoa. Mchungaji akaanzisha wimbo haraka. Nilitazama migongo ya watu wangu wakiimba kwa sauti kubwa, nikawachukia, Mungu anisamehe, nikawachukia kuliko nilivyomchukia diwani.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi ukuta tulijengewa, wa mawe, mrefu, na ndani yake zikapanda ghorofa.

Uchungu ulinishika asubuhi moja ya mvua. Jirani yetu mwenye kuuza kabeji alinipakia kwenye pikapu yake, Shosho akapanda nami nyuma. Barabara ilikuwa tope tupu. Tulikwama kando ya ukuta ule, gurudumu likizunguka bila kwenda popote, na hapo ndipo ulipozaliwa, juu ya magunia, Shosho akikupokea kwa mikono yake. Upande wa pili wa ukuta, kwenye ardhi aliyoitoa ili pawe na kitanda cha kuzalia, mafundi walikuwa wakipachika vigae vya choo. Tuliwasikia wakigonga.

Hukulia. Kumbuka hilo unapocheka: hukulia. Ulikuwa wa buluu. Shosho alikufyonza pua kwa mdomo wake, akatema, akakupiga mgongoni, akakuita Njoki, jina la binti yake aliyekufa, ndipo ukatoa sauti. Yule kinyozi alikuwa kati ya waliokuja kusukuma gari. Alisimama kwenye tope akilia kama mtoto, na mimi sikumwonea huruma hata chembe.

Basi shika haya, mwanangu. Sikuombi uwaamini. Mimi siwaamini, na wewe usiwaamini. Lakini aliyetambua mwizi akabaki kitandani amemsaidia kubeba. Tangazo likibandikwa, lisome. Mkutano ukiitwa, nenda, hata mkiwa wawili, halafu siku ya pili muwe watatu. Kura yako ipige, na baada ya kuipiga umfuate uliyempa mpaka akuchoke. Habari ikikuchekesha sana, simama uulize ni nini kimepitishwa nyuma ya kicheko hicho. Ukimwona mama wa watu analia kwenye simu yako, usimtume kwa rafiki zako kabla hujajua analilia nini, kwa maana mama huyo ana wajukuu, na mmoja wao huenda amesimama mahali na sinia mkononi. Na lile neno la "wote ni walewale" lisitamkwe tena katika nyumba hii. Wao hulipenda kuliko wimbo wowote wa kampeni.

Sasa sogea nikuwekee mkono kichwani. Mungu aliyekurudishia pumzi kwenye tope akuhifadhi. Akupe macho yasiyonunuliwa kwa kicheko, akupe hasira isiyokulaza, akupe na majirani wanaotoka nje wakiitwa. Na mtoto utakayemzaa, Njoki wangu, azaliwe kitandani.