Cherehani Isiyotakiwa Kunyamaza

Kisa hiki hamtakiamini, na mimi mjomba wa binti sitambembeleza mtu. Mwenye kisa, Shangazi, yuko hapo mlangoni anashonea vifungo. Msimjali.

Shangazi ni fundi cherehani. Wiki nzima alishona sare za shule, na siku yake ya kupumzika kaka yake, babake binti, akambebesha zamu nyingine: kukaa sebuleni kumchunga binti anapotembelewa na mchumba. Mchumba mwenyewe fundi baiskeli, mpole, kucha nyeusi kwa grisi.

Kaka mtu hakutaka aonekane anachungulia. Alijilaza chumba cha pili, sikio ukutani. Cherehani ikilia, dada yu macho. Ikinyamaza, kaka anatoka. Na alishasema: "Nikikuta dada kalala na hao wawili wanatazamana, uchumba umekwisha. Sitaki mjadala."

Basi Shangazi akawa anashona ili ukuta usikie. Mgongo unawaka, miguu imevimba, macho kama yametiwa mchanga. Siku hiyo alikuwa anapunguza suruali ya kaka yake. Wale wawili kwenye kochi, mto katikati, wanabishania rangi ya mapazia, maneno ya kumlaza hata askari wa zamu. Kichwa kikashuka. Cherehani kimya.

Ng'ambo ya ukuta kitanda kikalia kwiii.

"Baba anakuja!" binti akanong'ona. "Shangazi! We Shangazi!"

Wapi! Fundi baiskeli akajitupa chini ya meza, akashika pedali kwa mikono miwili, akaisukuma kama anajaribu baiskeli ya mteja. Binti akadaka ile suruali, akaisogeza chini ya sindano. Kitanda kikatulia.

Shangazi akazinduka. Cherehani yake inalia, na yeye hashoni.

"Nyie! Mnafanya nini?"

"Shikamoo, Shangazi," sauti ikatoka miguuni pake.

Akavuta pumzi apige kelele. Ndiyo kazi aliyopewa. Lakini akipiga, kaka atatoka, uchumba utavunjika, ataletwa mchumba mwingine, na yeye ataanza upya kukodoa macho. Akawatazama. Mikono yote minne ilikuwa kazini, hata wa kushikana hakuna.

"Lala kidogo, Shangazi," binti akasema. "Sisi tunashona."

Tangu lini mtu alimwambia neno hilo?

"Polepole basi, mtanikatia uzi," akasema, akarudisha kichwa mezani.

Mgeni alipoaga, kaka mtu akaja kujaribu suruali. Mguu mmoja ulikuwa umezibwa chini, mshono unakwenda kilevi. Sasa sikilizeni! Jamaa akatumbukiza mguu, haukutoka! Akaruka, akalivaa kabati, vyombo vyote chini, ukuta ukapasuka, majirani wakadhani tetemeko, ikabidi mimi mwenyewe nim—

"Shemeji, we! Niko hapa mlangoni nakusikia. Ulikuwepo? Kabati si hilo hapo, lina ufa? Hata kuvaa hakuvaa. Aliutazama ule mshono, akanitazama mimi, akasema, 'Dada, umechoka. Kalale, hao watoto waache.' Nikalala mpaka asubuhi. Hebu nipe huo uzi."