Foto Yenye Giza Upande Mmoja

Bibi yangu, mama ya watoto wangu, alizikwa na foto ya mutu mwingine mbele ya sanduku yake. Nakuambia mapema, usije ukafikiri nakupeleka mu hadithi ya kuchekesha. Lakini nikianzia hapo hautaelewa kwa nini inaniuma hivi, kwa hiyo acha nirudi nyuma, na nikipotea njia univumilie. Masomo niliyaacha chini sana. Nilichosoma maisha yangu yote ni nyuso za watu.

Kazi yangu ni foto. Nilikuwa na studio kule Bagira, mu Bukavu, chumba kimoja, na pazia lililochorwa maporomoko ya maji, na juu ya maji ndege kubwa inapita, sijui inaenda wapi. Viatu pia vilikuwa vya studio. Aliyekuja na kandambili anavaa vyangu, na kama muguu wake ni mukubwa anakanyaga kisigino, kwa mbele haionekani. Kwetu foto ni mutu muzima, toka nywele mpaka viatu. Ukimukata miguu anakuuliza: "Muzee, nilikuomba foto ya karte ya kitambulisho?" Na uso lazima uwake wote. Kivuli kidogo ku shavu, anairudisha: "Umenipaka masizi." Basi mimi nilifukuza kivuli kama mutu anayefukuza mwizi wa kuku.

Halafu simu zikafika, kila mutu akawa na studio mu mufuko. Pazia langu panya walianza kulila upande wa ndege.

Ndipo muchoraji mumoja akanitafuta. Alikuwa ametundika michoro yake mu ukumbi mumoja pale mjini, karibu na ziwa, akataka niipige foto. Nikaenda na aparei yangu ya kupigia foto na flashi. Piga ya kwanza, doa jeupe katikati ya rangi. Piga ya pili, vilevile. Muchoraji akaniambia kwa heshima: "Papa, zima hiyo kitu. Tungoje jua lizunguke."

Tukangoja. Na mutu anayengoja mu ukumbi kama ule hana kazi nyingine isipokuwa kuangalia. Mbele yangu kulikuwa na muchoro wa mama amekaa karibu na dirisha, anachagua maharagi mu sinia. Miguu hakuna. Nusu ya uso hakuna, imeingia mu giza. Na bado nilimuona yule mama kuliko nilivyowahi kumuona mutu yeyote mbele ya maporomoko yangu.

"Mbona umemuacha mu giza?" nikauliza.

"Ile giza njo inakuonyesha pa kuangalia, papa."

Niliangalia wapi? Vidole. Bila kuambiwa na mutu, jicho lilikuwa limekwenda lenyewe ku vidole.

Tangu siku ile nikawa mutu wa kutembelea michoro. Kukitundikwa mipya pale ukumbini, niko. Wakionyesha sanamu za mbao kwa mapadri, niko. Mulinzi alikuwa ananicheka: "Muzee asiyenunua amefika!" Nikirudi Bagira mu taxi-bus nilikuwa naangalia watu kwa namna nyingine. Jua la jioni likiingia dirishani, linakamata shingo ya mwanafunzi aliyelala, linaacha wengine wote. Nilianza kupiga foto za namna ile: fundi wa viatu mu kibanda chake, mama wa makaa ameinama, mukono tu uko mu mwangaza. Hakuna aliyezitaka. Lakini mimi sikuwa nimefurahia aparei hivi tangu ujana.

Bibi yangu alidhani naenda kunywa. "Michoro gani hiyo inakurudisha na macho mekundu?" Basi nikamuchukua. Siku zile moyo wake ulikuwa umeshaanza kugonjwa, na Bukavu unaijua, ni kupanda na kushuka tu. Mu kilima alikuwa anasimama kusalimia watu asiowajua ili apate kupumua. Watu wanajibu vizuri, wanauliza habari ya watoto, yeye anajibu, pumzi inarudi, tunaendelea.

Tulipofika akaletewa kiti, akakaa mbele ya yule mama wa maharagi, aliyekuwa hajauzwa bado. Akainama karibu na ile sinia. Kisha akasema: "Huyu anangoja mutu."

"Unajua je?"

"Si uangalie? Maharagi imeshaisha kuchaguliwa. Anajifanya tu."

Kweli. Mu sinia hakukuwa na jiwe hata moja. Mimi niliyepiga foto ya muchoro ule, sikuona.

Akaniangalia, akasema kwa sauti ya kawaida, kama mutu anayeagiza chumvi: "Unipige vile. Na siku yangu ikifika, muweke ile. Sitaki kulala mbele ya watu mu maporomoko yako."

Nilimupiga nyumbani, asubuhi, mvua ikiwa imeacha. Alifunga kitambaa chake cha kichwa cha kila siku, akakaa ku dirisha la jiko, mikono mu mapaja.

"Nicheke?"

"Hapana. Fanya kama mimi siko."

"Ile ninajua, kwa sababu huwaga hauko."

Akacheka mwenyewe. Nikangoja kicheko kiishe, kiteremke ku mudomo, kibakie kidogo ku jicho, ndipo nikapiga. Upande mumoja wa uso giza. Mifupa ya shingo inaonekana, maana alikuwa amekonda. Nilipomuletea ile foto aliishika mbali na macho, akasema: "Eeh. Njo mimi. Hata marehemu mama angenijua."

Alikufa majira ya mvua. Sitasema mengi juu ya ile siku.

Kwetu aliyefiwa hakamati kitu. Unakalishwa mu kiti kati ya wanaume, unaambiwa kunywa, unakunywa, unaambiwa simama, unasimama. Kazi ni ya familia. Mimi nilifanya jambo moja tu, nikamupa mutoto wangu wa kwanza, mwanaume, ile foto. "Mama yako alichagua hii."

"Sawa, papa."

Nadhani alitaka kweli kuitumia. Lakini pale wanapochapisha wakamwambia iko nyeusi sana. Basi wakafanya vile inafanywa siku hizi. Uso wa mama yao wakautoa mu foto ya ndoa ya mutoto wetu mwanamuke, wakaung'arisha mpaka ukawa kama sahani, wakaubandika ku mwili uliokuwa tayari mu mashine, wa mama mwenye mabega ya nguvu, blauzi ya dantela, ile lesi ya sherehe, munyororo wa dhahabu. Nyuma yake mawingu na ngazi ya kupanda mbinguni. Ile njo iliwekwa ku mulango wa barabara pamoja na matawi ya mitende. Ile njo ilikuwa ku tisheti za watoto, ku sanduku, na ku musalaba.

Nikauliza: "Huyu ni nani?"

"Papa, ni mama."

"Mama yako alikuwa na mabega haya?"

Yule mutoto mwanamuke, anayefanya kazi mu ofisi, akaniinamia, machozi yanamutoka: "Papa, pole. Ile yako inaonyesha ugonjwa. Wakubwa wa kazi watakuja. Watasema tulimuacha mama mu giza." Hakuwa mubaya. Alitaka mama yake aonekane ameshiba.

Kaka yangu mukubwa akanikamata bega: "Ukae. Mufiwa habishani."

Nikakaa.

Sasa, bibi yangu alikuwa na rafiki mumoja kule Bunyakiri. Walikua pamoja, walibeba maji pamoja, waliitana "pacha" mpaka wajukuu wakadhani ni kweli. Tulimutumia habari, akapanda lori, barabara ikawa matope, lori likalala njiani. Alifika Bukavu asubuhi ya maziko. Nyumba hii hakuijua, tulihamia baada ya yeye kututembelea mara ya mwisho. Lakini kilio, yaani matanga, haina haja ya adresi, unatafuta mitende na foto. Akashuka ku pikipiki, akaona mitende, akaangalia foto. Akasema, si hapa. Akapanda juu, akakuta kilio ya mwanaume. Akashuka tena, akapita tena mbele ya mulango wetu, akaangalia tena yule mama wa dhahabu. Jirani alipomuuliza anamutafuta nani na kumuleta, sisi tulikuwa tumerudi kutoka makaburini, tunanawa mikono.

Aliingia na matope mpaka magoti.

"Shemeji, mumeshamuzika?"

"Tumeshamuzika."

"Nilipita hapa. Mara mbili. Nikaona mama wa dhahabu, nikasema hapa ni kwa watajiri."

Akakaa chini, palepale ku simenti. Mimi nikasimama, ingawa mufiwa hasimami ovyo, nikaenda mu chumba, nikatoa ile foto chini ya godoro, nikamupa. Umeme ulikuwa umekatika. Akaipeleka mulangoni penye mwangaza kidogo, akaikazia macho, halafu akaanza kuigombeza:

"Wewe! Nimepita mbele yako ukanyamaza? Si ungekohoa tu? Pacha, si ungekohoa?"

Wanawake waliokuwa wamechoka kulia wakaamka, wakaja kuangalia juu ya bega lake, na kilio ikaanza upya, safari hii kwa ajili ya marehemu mwenyewe. Watoto wangu walikuwa wamesimama pale, yule mama wa mabega yuko ku vifua vyao vyote. Mutoto mwanamuke akakunja mikono ku kifua kumufunika.

Yule mutoto wa kwanza akasema polepole: "Mama mukubwa, tutaibadilisha. Kesho tutaibadilisha ku musalaba."

"Mubadilishe, mwanangu," akajibu, bila kuondoa macho ku foto. "Lakini mimi nilitaka kumuona kabla udongo haijamufunika."