Jike la Nondo na Bibi Shamba wa Lusu

Siku Luhende alipomwona Tekla kwa mara ya kwanza, alijificha nyuma ya tela la trekta. Hakuwa na kosa. Ndivyo alivyofanya kila alipofika mwanamke mgeni. Ulikuwa msimu wa kwanza wa pamba tangu watu wahamie kijiji cha ujamaa cha Lusu. Bibi shamba mpya alishuka kwenye baiskeli na mabuti yake ya mpira, akaomba msaidizi. Mwenyekiti akaona kichwa kinachungulia juu ya tairi.

"Mchukue Luhende. Huyo hata umpe siri, hana wa kumwambia."

Watu wakacheka. Luhende naye akacheka, maana ilikuwa kweli. Alikuwa na miaka arobaini, darasa la nne, na kitanda cha mtu mmoja.

Tekla alizaliwa Urambo kwa wakulima wa tumbaku. Alitafuna mihogo mibichi huku akitembea, akaimba nyimbo za kanisa huku akipiga dawa, na wazee wa kamati walipombishia alinyamaza mpaka wakachoka wenyewe. Kabla palizi ya kwanza haijaisha, Luhende alijua anataka kumwoa. Kilichobaki ni kumwambia.

Kazi yao ilikuwa nondo, yule kipepeo wa usiku anayezaa funza wanaokula vitumba vya pamba. Tekla alimfungia jike mmoja bikira ndani ya kizimba cha chandarua, akakitundika juu ya karai la maji ya sabuni katikati ya pamba. Asubuhi karai lilikuwa limejaa madume.

"Wamejuaje yuko hapa?" Luhende aliuliza.

"Anatoa harufu kwenye ncha ya mkia. Sisi hatuisikii. Dume anaifuata kutoka mbali, anaruka kuelekea upepo unakotoka. Jike anatulia tu. Madume wakiwa wengi, tunajua wakati wa kupiga dawa umefika."

Luhende akaelewa kwamba jambo lenyewe ni harufu. Alidandia lori la pamba hadi Tabora, akanunua mafuta ya marashi dukani kwa Rehmat, akajipaka kuanzia utosini.

"Umefiwa au unaposa?" jirani yake Nyamizi alimuuliza alipompita kisimani.

Tekla alipiga chafya mpaka akatoka shambani. Kisha akamwomba kwa adabu afanye kazi upande ule upepo unakoelekea. Luhende akahamia huko na marashi yake, akanukia peke yake.

Jioni moja alimtazama jike kizimbani akamwonea huruma. Akaopoa dume mmoja aliyekuwa bado anatapatapa karaini, akamkausha kwa pindo la shati, akamtia ndani. Alirudi nyumbani amefurahi kama mshenga.

Asubuhi karai halikuwa na dume hata mmoja. Kesho yake vilevile. Tekla alikuwa karibu kuiambia kamati isinunue dawa, ndipo akafungua kizimba akakuta mayai yametapakaa kwenye kitambaa.

"Kaka Luhende, nani kaingia humu?"

"Nilimtilia mwenzake. Alikuwa mpweke."

"Akishapandwa hatoi harufu tena. Anataga tu." Tekla akakaa juu ya tuta, akacheka mpaka akafuta machozi. "Umemwozesha mdudu wa serikali."

"Nisamehe, bibi shamba."

"Sijakasirika. Na wewe je, nani atakuozesha?"

Mtu mwingine angejibu. Luhende aliangalia karai, akasema maji yamechafuka, yabadilishwe.

Baada ya mavuno Tekla alihamishiwa Urambo, kwenye tumbaku. Luhende alikuwa amelisema jambo lake kwa jembe, mbuzi na ukuta. Jembe lilisikiliza vizuri kuliko wote. Akaapa kumwambia Tekla mwenyewe kwenye kituo cha basi. Alibeba sanduku la Tekla kichwani, na njia nzima akazungumzia mchwa.

Basi likafika. Utingo akainama kutoka juu ya paa, mkono ameunyoosha. Luhende akavuta pumzi.

"Dada Tekla. Hivi, Urambo mvua zinanyesha mapema?"

Tekla akakanyaga ngazi ya basi, akageuka.

"Nimekusubiri msimu mzima useme, kaka, na moyoni nilishakubali. Haya, mpe utingo sanduku, watu wanangoja."